Kamera ya kupandia mlima: ununue ipi, uibebe vipi

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, na wengi wanaouliza ni vijana wenye hela kidogo na hamu kubwa: "Kaka, mwezi ujao tunapanda Meru, ninunue kamera gani?" Nikimjibu mmoja mmoja nitamaliza mwaka, kwa hiyo leo nayaweka yote hapa sehemu moja. Anayetaka aprinti akasome kwenye basi.

Naanza na kisa, maana bila kisa hiki mtaona nakuza mambo madogo.

Mjomba wangu alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro misimu mingi, njia ya Marangu. Kwa asiyeijua kazi ile: mzigo unapimwa getini kwenye mizani, mwisho kilo 20, unauweka kichwani au shingoni, unapita Mandara, unapita Horombo, unafika Kibo, karibu mita 4,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa mpagazi safari kwa kawaida inaishia hapo. Usiku wa manane wanaoondoka kwenda kileleni ni wageni na waongozaji, wapagazi wanabaki kambini wanasubiri. Yaani mtu anaweza kuupanda mlima miaka nenda rudi na Uhuru, mita 5,895, akawa anaisikia tu kwa wengine. Mjomba alipoacha kazi, sisi watoto wa dada zake tukachanga, na Agosti 2009 tukampandisha kama mteja. Hakubeba kitu, fimbo tu. Njiani wapagazi wenzake wa zamani walikuwa wanamwita "bosi" na yeye anacheka. Kazi yangu mimi kwenye msafara ule ilikuwa moja: kamera.

Nilikuwa nimeazima kamera ndogo ya dijitali. Betri nilichaji Moshi mpaka ikajaa. Usiku ule pale Kibo nikaiweka kwenye mfuko wa nje wa begi, nikasema nitaitoa tukifika. Tukafika Uhuru jua limeshachomoza. Mjomba akasimama kwenye ule ubao, akavua kofia, akaweka kola sawa. Nikawasha. Kioo kikawaka, lenzi ikatoka nusu, ikarudi ndani, kikazima. Nikawasha tena. Hamna kitu. Wenzangu simu zao zilikuwa zile za tochi. Mtaniuliza kwa nini sikumwomba mgeni yeyote atupige na kamera yake halafu aitume kwa barua pepe. Jamani, kwenye baridi ile na hewa ile akili haifanyi kazi, wazo hilo lilinijia tukiwa tumesharudi Kibo. Mjomba alisimama pale na pozi lake kama dakika tano, halafu akasema, "Basi mjomba, tushuke."

Sasa twende kwenye mada.

BETRI KWANZA, KAMERA BAADAYE

Ile betri haikuwa mbovu wala haikuwa imeisha. Betri inatoa umeme kwa kemikali, na kemikali kwenye baridi kali zinakuwa nzito kama mafuta ya nazi asubuhi ya Julai. Nguvu inashuka, kamera ikipima inaona haitoshi kusukuma lenzi, inajizima. Ukiipasha joto, sehemu kubwa ya ule umeme inarudi. Kileleni Kilimanjaro alfajiri baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na mara nyingine inazidi hapo, tena upepo juu yake.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza: usiku wa kilele betri haikai ndani ya kamera. Inakaa mfukoni, ndani kabisa, kwenye nguo inayogusa mwili, siyo mfuko wa koti la nje. Ukifika unaiingiza, unapiga, unaitoa. Usiku wa kulala unaingia nayo kwenye begi la kulalia. Halafu uwe nazo mbili, zikipokezana: moja inafanya kazi, nyingine inaota joto mwilini. Usiipashe kwenye jiko la mpishi, wala usiimwagie maji moto ndani ya mfuko... msicheke, nimeona. Joto la kwapa linatosha.

Ukikuta kamera inayotumia betri za AA, zile za saa ya ukutani, usiidharau, ila jua unaweka nini. Zile alkalaini za kawaida za dukani ndizo zinazochoka vibaya kuliko zote kwenye baridi. Za kuchaji za NiMH ni afadhali zaidi. Bora kabisa ni zile za lithiamu zisizochajiwa: zinavumilia baridi kali, na kila moja ina uzito wa kama gramu 15 wakati ya alkalaini ina kama 23. Bei yake inauma, lakini ni mbili tu za kileleni, huku chini tumia za kawaida.

Kitu kingine kinachokula betri ni kioo. Vijana wanapiga picha moja, wanaiangalia mara sita, wanampitishia kila mtu. Punguza mwanga wa kioo na acha kutazama, utatazama ukirudi. Na kwenye mahesabu yako chukulia kwamba huko juu hakuna umeme.

MEGAPIKSELI SIYO MPANGO MZIMA

Muuza duka wa kwanza atakwambia "hii ina megapikseli 20". Sawa, asante. Megapikseli 6 ni nukta kama 3,000 kwa 2,000, na hiyo inatosha kutoa picha safi ya kutundika ukutani ya sentimita 20 kwa 25. Kwa kuweka kwenye intaneti ni nyingi kupita kiasi. (Kwa wapenda historia: kamera ya kwanza ya dijitali aliitengeneza injinia Steve Sasson wa Kodak mwaka 1975. Ilikuwa na megapikseli 0.01, uzito wa kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja. Hiyo na mlima wapi na wapi.)

Kinachobadilisha picha kweli ni sensa. Siyo ile ya kuhesabu watu, ni kile kigae kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina sensa ya kama milimita 6 kwa 4.5. Zinazofuata, wenyewe wanaziita za inchi moja, ni 13.2 kwa 8.8. Zile kubwa za kubadilisha lenzi nyingi ni karibu 24 kwa 16. Sensa ikiwa kubwa, picha ya alfajiri au ndani ya msitu inakuwa na punje chache. Ubaya wake, sensa ikikua lenzi inakua, lenzi ikikua mzigo unakua.

Na mlimani mzigo ndiyo kila kitu. Kamera kubwa na lenzi yake inakaribia kilo moja, na ukiongeza lenzi ya pili na stendi umeshaivuka kwa mbali. Chini hapa kilo moja ni nini? Juu ya mita 5,000 hewa ina oksijeni karibu nusu ya ile ya pwani, na kilo hiyo moja itakuwa ya kwanza kuachwa kambini. Nimewaona wengi wanapanda na kamera ya milioni kadhaa, na asubuhi ya kilele kamera imelala Kibo ndani ya hema.

Mimi nikiulizwa nasema hivi. Mwenye uwezo kidogo, atafute kamera ndogo ya sensa ya inchi moja iliyotumika. Ile iliyoanzisha mtindo huo kwa kamera za mfukoni ni Sony RX100 ya mwaka 2012, ina gramu 240 na betri ndani, na kwa kuwa matoleo yaliyoifuata ni mengi, ile ya kwanza imeshuka bei. Anayekwenda kwenye maji na matope, mfano maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, atazame zile ngumu zisizoingiza maji. Olympus TG-6 ya mwaka 2019 inaingia maji hadi mita 15, inastahimili kuanguka kutoka mita 2.1 na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Sensa yake ni ndogo, kwa hiyo usitegemee maajabu gizani. Asiye na hela kabisa, kamera yoyote ndogo ya zamani yenye lenzi safi inatosha.

Na mwenye simu nzuri? Anayo kamera tayari, asidanganywe na mtu. Ila akumbuke ile simu ndiyo pia mawasiliano yake, na betri ya simu nyingi za siku hizi haitoki, kwa hiyo inabidi simu nzima ikae kifuani ndani ya nguo. Faida ya kamera pembeni ni zumu ya kweli ya lenzi, betri ya akiba, na vitufe unavyoweza kubonyeza ukiwa umevaa glovu. Hii ya glovu ijaribu dukani. Kioo cha kugusa na glovu nene havipatani.

UKINUNUA YA MTUMBA

Hapa wengi wanalizwa. Usiangalie urembo wa nje, nenda na vitu vitatu: tochi, memori kadi yako, na muda.

Tochi ni ya kumulika ndani ya lenzi. Ukiona kama nyuzi za buibui au madoa ya ukungu, hiyo ni kuvu, kamera imekaa kwenye unyevu. Za pwani zinapata sana ugonjwa huu. Iache hata kama ni bure. Fungua pia mlango wa betri, ukiona kijani au kutu kwenye vile vyuma, betri ilivujia humo.

Memori kadi ndiyo mtego wenyewe. Kuna kamera za zamani za Olympus na Fujifilm zinazotumia kadi za xD, na za Sony zinazotumia Memory Stick. Zilikuwa kamera nzuri, lakini kadi zake utazitafuta Kariakoo nzima mpaka viatu viishe. Chukua inayotumia SD. Hata hapo angalia alama: SD ya kawaida ni hadi GB 2, SDHC iliyokuja mwaka 2006 ni hadi GB 32, na SDXC ya mwaka 2009 ni kuanzia juu ya hapo. Kamera ya mwaka 2004 ukiiwekea kadi ya GB 16 haitaisoma, wala haijaharibika, ni umri tu. Ndiyo maana nasema uende na kadi yako, uiweke, upige picha kumi, uzifungue kwenye kompyuta hapo hapo.

Kadi feki nazo zipo tele. Imeandikwa 64, ndani ni 8, na baada ya kujaa picha zinazofuata zinahifadhiwa hewani. Dawa ni kuijaza nyumbani kabla ya safari: kopi mafaili makubwa mpaka ijae, halafu yafungue uone kama ya mwisho yanacheza. Usije ukaligundua hilo Horombo.

Muda ni wa kuuliza betri. Kamera bila chaja yake, au ambayo betri yake haipatikani tena mjini, hiyo ni pambo la kabati.

KUIBEBA

Kamera ikiwa ndani ya begi hutapiga picha. Kuvua begi, kufungua zipu, kutoa soksi, kuipata, kurudisha... utafanya mara mbili siku ya kwanza, siku ya pili utasema "nitapiga tukirudi". Na tukirudi ni mawingu. Kamera ikae mahali ambapo mkono unafika bila kuvua kitu. Kwa kamera ndogo ni mfuko kwenye mkanda wa kiunoni wa begi, au kwenye mkanda wa bega upande wa kifua. Mimi nilimpelekea fundi viatu kava ya simu ya zamani akaniongezea kitanzi cha kupitisha mkanda, na ndiyo ninayotumia hadi leo.

Usiining'inize shingoni kwa kamba yake ndefu. Ukiinama kwenye mteremko inabembea, inagonga jiwe, na ukishika mwamba kwa mikono miwili kama pale Barranco inakuwa katikati yako na ukuta. Kama ni kamera kubwa, pitisha mkanda begani kwa mshazari halafu ufunge na mkanda wa kifua wa begi juu yake, itulie. Na usimpe mpagazi kwenye mzigo mkubwa. Siyo kwamba ataiba, ila yeye anatembea haraka kuliko wewe, mchana kutwa kamera iko mbele saa mbili, na mzigo ukitua chini unatua kama mzigo.

Mvua: msitu wa chini, Marangu au Machame, unanyesha bila taarifa. Zamani tulitumia mfuko wa rambo, lakini Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo tafuta mfuko usiopitisha maji wa kukunja mdomo, au kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana. Ndani weka vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usivitupe, ni hela.

Umande: hili halisemwi sana na linaua kamera nyingi kuliko mvua. Umetoka nje kwenye baridi, unaingia kwenye kibanda watu ishirini wanapumua na chai inachemka. Kamera ikitolewa hapo inatoa jasho kama chupa ya soda, nje na ndani. Kabla hujaingia ifungie kwenye kopo lake, kopo ndani ya begi, begi lifungwe, na uiache ipate joto taratibu saa nzima au mbili. Ukitaka picha usiku huo, toa kadi ukiwa bado nje. Na usiipulizie lenzi pumzi kuifuta ukiwa juu, pumzi inaganda hapo hapo. Tumia kitambaa kikavu.

Vumbi: majivu ya Ol Doinyo Lengai na yale ya juu Meru ni laini kama unga, yanaingia kwenye lenzi inayotoka na kurudi, siku moja inakwama nusu njia. Ukiwasha kamera simama, kinga upepo kwa mwili, zima, rudisha. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi asibadilishe kule.

Stendi mimi sibebi. Kifuko cha mchele cha nusu kilo juu ya jiwe kinashika kamera vizuri, na siku ya mwisho kinapikwa.

SURA ZETU NA THELUJI

Kwenye vitabu vingi vya kamera sikukuta hili. Kamera ikiona theluji au anga jeupe inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Theluji inakuwa ya kijivu, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake anakuwa kaa, huoni macho wala tabasamu. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, peleka kwenye +1. Na kama jua liko nyuma ya mtu, lazimisha fleshi iwake hata kama ni mchana kweupe, halafu msogelee, fleshi ya kamera ndogo haifiki mbali. Au mgeuze mtu alitazame jua, ni bure kabisa.

PICHA ZIKISHUKA

Ukifika mjini utakimbilia kafe, najua. Kabla hujachomeka kadi, angalia ubavuni mwa SD kuna kijiti kidogo cha kusukuma. Kishushe upande wa kufunga. Hapo kompyuta inasoma picha lakini kwa kawaida haiandiki kitu, kwa hiyo virusi vya mashine ile havihamii kwako na wala mtu hafuti kwa bahati mbaya. Miaka ile ya mwanzo tulipoteza mafolda mazima hivi, yanageuka shotikati, ukibofya hakuna kitu. Kopi sehemu mbili tofauti ndipo ufute kadi. Na za kutuma zipunguze ukubwa kwanza, usilipie saa nzima kupandisha picha moja.

Namalizia pale nilipoanzia. Siku ile tukishuka nilikuwa nimechomoa ile betri kwa hasira na kuitumbukiza mfuko wa suruali. Tulipofika Gilman's, mita 5,685, nikairudisha tu bila matumaini, kamera ikawaka. Nikapata picha tatu ndipo ikakata tena. Mbili mjomba ni kivuli. Ya tatu alikuwa amegeukia jua kwa bahati, anaonekana vizuri, kofia mkononi. Siyo Uhuru, lakini ndiyo iliyoko sebuleni kwake. Tatizo lake dogo: kamera za zamani ukichomoa betri saa yake inaweza kurudi mwanzo, na mimi sikukagua. Kwenye kona ya picha kuna maandishi mekundu, 01/01/2005, na kila mgeni anayeingia anauliza, na mjomba anaanza kueleza upya.